Tulivyopeleka Mtandao Kwenye Posa ya Wawira

Wenzangu, mmenichosha na maswali. Tangu nirudi siwezi kuvuka barabara kununua maziwa bila mtu kunishika mkono: "Mama Zuhura, eti ni kweli mbuzi walikula intaneti?" Ni kweli, walikula. Lakini kila mmoja ameongeza chumvi yake, na jana nimesikia kwa masikio yangu kwamba mimi ndiye niliyeposwa. Kwa hivyo naandika mara moja tu. Someni, mpeane, kisha mniache nifanye biashara.

Kinoru

Wawira mnamjua. Kwa asiyemjua, ni yule binti wa Mbeere aliyekaa kwangu miaka yote aliyokuwa akisomea uuguzi hapa Meru. Alikuja kupanga chumba, akaishia kuwa mwanangu. Mkristo wa kanisa hasa, lakini mwezi wa Ramadhani alikuwa wa kwanza kukaa mkekani akisubiri adhana, maana tambi zangu hakuwa anaziacha. Sasa yuko Uingereza anauguza wazee wa watu. Mchumba wake, Mutwiri, ni mwalimu pale Kanyakine, kijana mpole mpaka unataka kumtikisa.

Shida ilikuwa hii. Siku ya kupeleka mahari ilikuwa imeahirishwa mara mbili kwa sababu Wawira alinyimwa likizo. Wazee wa upande wa Mutwiri wakasema basi, hii ya tatu ndiyo ya mwisho. Binti akikosekana tena, wao watajua amekataa kwa adabu, mbuzi watarudi nyumbani, na kijana atatafutiwa kwingine. Hata walikuwa wameshaanza kumtajia jina la msichana fulani.

Na kwa kina Wawira hakuna njia ya mkato. Mahari ikishakubaliwa, binti anaulizwa mbele ya watu wote: "Tunywe au tusinywe?" Zamani kilichonywewa kilikuwa pombe ya asali. Siku hizi, kwa vile ni watu wa kanisa, ni uji. Akisema kunyweni, anaonja yeye kwanza, ndipo wazee wanakunywa. Asiposema neno, hakuna ndoa hapo, hata ulete mbuzi wa kujaza uwanja wa Kinoru.

Basi akanipigia simu. "Mama, wazee wamekubali niulizwe kwa video. Lakini si unajua kwetu hakuna network? Nakuomba ulete mtandao kwetu. Niulizwe mimi mwenyewe. Usikubali mtu anijibie." Halafu akalia, na mimi machozi ya mtoto huyo siyawezi. Nikamwahidi kwa jina la Mwenyezi Mungu kwamba hakuna mdomo utakaojibu ila wake.

Nilisema hivyo nikiwa nimekaa ndani ya saiba yangu ya intaneti, mahali ambapo mtu akingoja picha ifunguke kidogo tu anatukana. Ukiwa hapa unadhani dunia nzima ina waifai. Kumbe ni mwendo wa kutoka asubuhi na kufika jioni, na unakuta watu wazima wanaoshika simu kama tochi tu.

Habari za kukodi dishi la setilaiti naziacha, ni makaratasi na kubembelezana. Gari lilikuwa pikapu ya kaka yangu Hamisi, ile ya bucha. Alilitazama lile dishi, akatazama betri, akaguna. "Mimi hubeba nyama," akasema, "leo unanibebesha hewa." Lakini alikuja, na kisu chake akakichukua, kwa sababu alijua huko hatutakula nyama asipochinja yeye.

Kanyakine, na mkwe mwenye haya

Sisi tulitangulia siku moja mbele ya wenye mahari ili tukafunge mitambo. Nilipanga tupite Kanyakine dakika chache tu, tumsalimie mama yake Mutwiri. Ai, nyinyi mnajua watu wa Imenti. Kuingia kwa Mmeru na kutoka bila kula ni kumtukana.

Alitupokea akiwa na gambuti za shambani, mikono imejaa udongo. Akaliona dishi nyuma ya pikapu. "Hicho ndicho kile cha kumwona Wawira?" Nikamwambia ndicho. Yule mama akaruka akajificha nyuma ya mgomba! Tukasimama pale mimi na Hamisi tukitazamana. Aliporudi alikuwa amevaa rinda la kanisani, kitambaa kichwani, viatu vya kung'aa, na akasimama mbele ya dishi akaliinamia kidogo, taratibu. "Mwambie asijali, hii migomba nitaipunguza. Na jikoni asiangalie leo."

"Mama, haoni kitu. Halijawashwa."

"Na likiwashwa anaona mpaka wapi?"

Nilicheka mpaka nikashika mlango wa gari. Lakini sikumcheka yeye kwa ubaya, maana hata mimi siku ya kwanza kuona kompyuta nilichana nywele.

Tukakalishwa. Ndizi zilizopikwa na kuku, chai ya maziwa matupu, halafu ndizi nyingine za kuiva, halafu za kubeba. Hamisi alikataa kuku kwa heshima kwa sababu hakumchinja, na mama wa watu akahuzunika mpaka akamletea kuku mzima mzima, yuko hai, amefungwa miguu. Kuku huyo alisafiri nasi mapajani mwangu mpaka Mbeere.

Tulipokuwa tunaondoka alinishika kando. "Mutwiri halali," akaniambia. "Huyo msichana yuko mbali miaka miwili. Huko kuna watu na kuna baridi. Akiwa amebadili moyo sitamlaumu. Lakini aseme yeye, tusikie. Hawa wazee wetu wasije wakamalizia tu ndio warudi nyumbani wameshiba." Nikamwambia nimeapa. Akanifinya mkono na kuniwekea ndizi nyingine.

Kuteremka mpaka Karurumo

Mteremko wa Nithi, ule wa ajali, tuliushuka tukisoma dua, Hamisi akishika usukani kwa mikono miwili na kuku akipiga kelele. Tukapita Chuka, tukavuka mto Thuci, na upande wa Runyenjes gari likaanza kuchemka. Tukaenda tukisimama, tukaenda tukisimama, mpaka Karurumo, na hapo likasema leo basi.

Fundi akatuambia tungoje. Mimi nikaenda kukaa kivulini nje ya duka la mbegu na dawa za mifugo. Mwenye duka alikuwa mama mnene mcheshi, akanipa kiti na maandazi. Nyuma yake kulikuwa na rafu nzima ya simu, zile ndogo za vibonye, kila moja imefungwa kipande cha kitambaa, nyekundu, kijani, cha maua. Nikadhani anauza za mitumba. Nikamwuliza bei ya ile ya maua.

"Wii! Hiyo si ya kuuzwa, hiyo ni ya mwenyewe!"

Kumbe ni simu za watu wa huko chini. Kwao hazishiki mtandao, kwa hivyo simu zao zinakaa Karurumo. Ikilia, huyu mama anapokea, anasema, "Sema, mimi nitamwambia." Boda inayoteremka inapewa ujumbe kwa mdomo: mwambie fulani mwanawe amefika salama, mwambie fulani bei ya ndengu imepanda. Jibu linarudi na boda ya jioni. Mimi nina saiba mwaka wa kumi na kitu sasa, lakini saiba ya namna hiyo sijawahi kuona.

"Sasa wewe ukipeleka hilo dishi," akaniambia akicheka, "si utaniharibia kazi?"

"Nalipeleka kwa posa tu. Kesho kutwa linarudi."

"Ah." Akapanga simu zake. "Ningependa libaki, kusema kweli. Kuna habari zingine si za kupitisha kwa mdomo wa mtu mwingine. Juzi nilimwambia mzee mmoja ndugu yake amekufa. Nilimwambia vibaya, mama. Nilikuwa na wateja." Nikamuonea huruma. Akanifungia maandazi ya njiani na akakataa kabisa niyalipie.

Kwao Wawira

Tulifika jua linazama, joto bado limetushika shingo. Mlima tumeuacha mgongoni, migomba imekwisha, ni miiba, mawe na mbuzi. Tulipokelewa na Mzee Nyaga, ndugu ya marehemu baba yake Wawira, mwenye mvi na sauti ya kengele. Yeye ndiye aliyemlea, na yeye ndiye angekuwa msemaji wa nyumba.

Halafu akatoka bibi kizee mdogo, mwembamba, amejitanda leso mbili. Cucu, yaani bibi kwa lugha ya kwao, mama yake Nyaga. Alinishika mikono yote miwili asiiachie. "Asante kwa chumba," akasema kwa Kiswahili chake cha kuokoteza. "Asante kwa zile tambi. Ulinilea vizuri huko Meru."

Nikafikiri uzee. Nikamwambia kwa upole, "Cucu, leo ndiyo mara yetu ya kwanza kuonana." Akacheka mpaka leso ikaanguka.

Nyaga ndiye aliyenieleza. Cucu naye ni Wawira. Binti wa kwanza hupewa jina la mama ya baba yake, na akishapewa jina, hawahesabiwi kuwa watu wawili. Msichana akifaulu mtihani, Cucu amefaulu. Msichana akipanda ndege, Cucu ameruka. "Mimi niko Uingereza," Cucu akaniambia, "na miguu inaniuma kwa baridi." Nikampenda hapo hapo.

Usiku huo tulikula ndengu na ugali wa mtama, na Hamisi akamsamehe kuku wa Kanyakine, akampa Cucu awe wa kutaga. Kabla ya kula tulikuwa tumeweka dishi katikati ya uwanja, mahali pasipo na mti, na likakamata! Jamani, mngeona. Majirani walijaa. Mama mmoja aliona uso wa mwanawe wa Dubai, akawa anamkemea kwa kukonda. Mwalimu wa shule ya pale alikaa chini na simu yake akavuta vitabu vya darasa lake lote, jasho linamtoka. Hakuna aliyetaka kwenda nyumbani.

Mimi nikaogopa watoto wataligusa. Nikawaomba vijana walizungushie ua wa miiba, wakafanya kazi safi, mpaka na mlango wakaweka. Nikalala kwa raha.

Asubuhi wageni wa Kanyakine wakafika na nyimbo zao. Wakaimbishwa langoni mpaka koo zikakauka, ndipo wakafunguliwa. Mimi nilikuwa jikoni na wanawake. Mzee Nyaga akapokea mbuzi wa mahari kwa mikono yake mwenyewe, akageuka kutafuta pa kuwaweka, akidhani dishi tumelilaza ndani ya nyumba. Sasa niambieni. Mzee wa Mbeere akiona ua mpya wa miiba, wenye mlango, katikati ya boma lake, siku ya mahari, atafikiri ni wa nini? Aliwaingiza wote, akafunga, akasema vijana wa siku hizi wamekuwa na akili.

Nilipotoka na simu yangu kubwa kumpigia Wawira, mtandao hakuna. Nikatazama. Dishi limelala chali, beberu mmoja amesimama juu yake kama amenunua shamba, na wengine wanatafuna. Kebo ilikuwa imebaki kipande cha urefu wa kidole.

Nilipiga ukemi. Hamisi alikuja mbio na kisu mkononi akidhani ni nyoka. Mzee Nyaga alishika kichwa. "Mungu wangu, mahari imekula mtandao!" Baadhi ya wageni walicheka, lakini Mutwiri hakucheka. Alikaa juu ya jiwe na koti lake jipya, akainama.

Kibuyu

Ikaanza mijadala. Msemaji wa wageni alikuwa mzee mrefu wa Kanyakine mwenye fimbo, na hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa amechoka. "Tumejiandaa mara tatu," akasema. "Mara ya kwanza likizo, mara ya pili likizo, leo mbuzi. Sisi tutaambia watu nini?"

Nyaga akakohoa. Akatoa wazo, na wazee wote wakaitikia kwa kichwa kwa sababu kwao lilikuwa na maana kabisa. "Mbona tunahangaika? Wawira si yuko hapa? Mama ni Wawira. Aonje yeye, mambo yaishe."

Nilikuwa nimeapa, lakini mimi ni mgeni, mwanamke, tena wa dini nyingine, nitasimama wapi niwaambie wazee wa watu mila yao? Kibuyu cha uji kikaletwa, kikawekwa mikononi mwa Cucu.

Cucu akakitazama. Akakiweka chini, taratibu, usimwagike.

"Sinywi."

"Mama," Nyaga akasema.

"Nimesema sinywi. Mwenye kuulizwa hajaulizwa."

"Lakini wewe na yeye ni mtu mmoja."

"Ndiyo maana sinywi." Akakunja mikono. Nakwambieni, nilitaka kumbusu. Mzee wa Kanyakine akauliza sasa tutafanya nini, na Cucu akanyoosha kidole kuelekea kilima kilicho nyuma ya shule. Watu wa pale wakiwa na jambo la dharura huparamia huko juu, ndipo simu inapata mtandao, tena ukisimama karibu na mwamba mmoja.

"Haiwezekani," mzee wa Kanyakine akasema. "Jibu hutolewa mbele ya mahari."

"Basi mahari nayo itembee," Cucu akamjibu.

Na ikatembea. Wallahi mngekuwepo! Hamisi mbele na pikapu, Cucu kiti cha mbele amekumbatia kibuyu, nyuma wazee wamekaa wameshikana mabega. Wanawake kwa miguu wakiimba, na mbuzi wakiswagwa na wakwe waliovaa suti. Mama yake Mutwiri alivua vile viatu vya kung'aa akapanda bila. Mimi nilipumua kwa mdomo, mnajua uzito wangu, na kila mtu aliyenipita alinipa pole.

Kilimani

Pale kwenye mwamba simu ikalia tu mara moja, Wawira akapokea. Alikuwa na sare ya kazi, amesimama kwenye ukumbi mweupe. "Mama, nimengoja sana! Nina mapumziko kidogo tu." Nikamwambia asiulize maswali, nitamweleza siku nyingine. Nikainua simu juu watu wote wamwone. Wanawake wakapiga ngemi tano, vile vigelegele vyao.

Mzee Nyaga akasimama mbele ya simu, akavua kofia. "Wawira, mwana wa ndugu yangu. Hawa watu wameleta hawa mbuzi. Tunakuuliza. Tunywe au tusinywe?"

Uso wake ukakwama pale pale, mdomo wazi kidogo. Sikujua ni mtandao au ni yeye. Mutwiri alikuwa ameshika mkono wa mama yake kama mtoto. Nikasema moyoni, ya Rabi, hata kama ni hapana, tuisikie.

Picha ikatikisika ikarudi. "Cucu yuko wapi?" akauliza.

Tukamsogeza Cucu. Akaitazama ile simu, akapangusa kioo chake kwa leso.

"Cucu, wewe ulipoulizwa ulijibu nini?"

"Mimi?" Cucu akaikaribia simu. "Mimi sikuulizwa. Nilikuwa shambani, nafukuza ndege kwenye mtama. Jina letu lilikuwa la cucu wangu, wakampa kibuyu akanywa. Jioni niliporudi nikaambiwa nifunge vitu vyangu."

Nyaga alimtazama mama yake, na nadhani alikuwa hajawahi kusikia. Huko Uingereza Wawira alikuwa anafuta macho kwa mkono wa sare.

"Basi mimi nimeulizwa," akasema. "Na nimesikia, na najibu mwenyewe. Mutwiri, uko hapo?"

"Niko," Mutwiri akasema, akasogea mbele ya simu. "Niko, Wawira."

"Kunyweni."

Kelele zilizopigwa hapo kilimani, hata yule mama wa Karurumo lazima alisikia! Mama yake Mutwiri alinikumbatia tukaanguka sote wawili. Mbuzi walitawanyika na hakuna aliyejali. Hamisi, ambaye hakulia hata siku ya harusi yake, alisema ni vumbi.

Kisha wazee wakamgeukia Cucu aonje kwa niaba ya binti, sasa kwa vile neno lilikuwa limesemwa. Akainua kibuyu mpaka karibu na midomo. Akakishusha.

"Nyaga," akamwita mwanawe. "Niulize na mimi."

Mzee yule, mvi tupu, kofia bado mkononi, akatutazama kana kwamba kuna mtu angemsaidia. Baba yake, mume wa Cucu, amezikwa miaka mingi. Akamsogelea mama yake, akainama mpaka macho yao yakawa sawa.

"Mama," akasema polepole. "Tunywe, au tusinywe?"

Cucu aliangalia bonde lote lile, mashamba na mapaa, mahali alipozaa na kuzika na kulea, na tukamngoja, na Wawira naye akangoja kwenye simu ingawa mapumziko yake yalikuwa yamekwisha.

"Kunyweni," akasema, kisha akanywa.